Mdogo Mno Kupewa Yai

Jina la nchi hii ninalo, ila nimelifunga kwenye pindo la leso, maana siku hizi ukiita nchi kwa jina lake inakuitikia kwa pingu. Ni nchi nzuri, msinielewe vibaya. Ina mito, ina milima, ina kuku wengi kuliko wapiga kura, na ina serikali inayowapenda watoto hata ikabandika picha zao kwenye mabango ya kila barabara kuu: watoto wanene, wenye mashavu, wanaocheka. Watoto wenyewe waliazimwa nchi jirani, lakini bango ni letu.

Mwaka mmoja walipita wataalamu kijiji hadi kijiji, wakawalaza watoto kwenye ubao wa kupimia urefu, wakauliza umri wao, wakaondoka. Wakaandika kwamba kati ya kila watoto kumi wa nchi hii, wanne wamedumaa.

Baraza la Mawaziri likaitwa haraka, saa ya chakula cha mchana. Ilibidi iwe saa hiyo, kwa sababu suala la njaa halijadiliwi na watu wenye njaa. Wataonekana wana upendeleo. Ikaletwa supu ya kongoro, akafuata samaki, akafuata mbuzi. Mbuzi alipokuwa nusu, akasimamishwa Daktari Mkuu wa Serikali, Dokta Ngwandumi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, atoe maelezo.

"Waheshimiwa," alisema, "mtoto anajengwa tangu akiwa tumboni mpaka anapotimiza miaka miwili. Ubongo, mifupa, moyo, figo, msingi wa vyote unawekwa hapo. Mama mjamzito akila ugali na chumvi, na mtoto akishatimiza miezi sita akakosa yai, maharage, maziwa na mboga, anadumaa. Na si kimo tu. Darasani atapata shida kushika masomo. Ukubwani presha na kisukari vitamwandama. Akiwa msichana, naye kesho atazaa mtoto mdogo. Miaka miwili ikishapita, sehemu kubwa ya kilichopotea hairudi tena, hata umlishe ng'ombe mzima."

"Daktari," Mtukufu Rais alimkatiza huku akichokonoa meno, "unataka kuniambia raia wangu wanne kati ya kumi ni wafupi?"

"Wamedumaa, Mtukufu."

"Nani kawafupisha?"

Hapo ndipo aliposimama Mheshimiwa Chakupewa, Waziri wa Ustawi wa Jamii, na kiti chake kikashusha pumzi.

"Mtukufu Rais, mimi nimeandikishwa shule kijijini. Wakati ule nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Mwalimu anakwambia pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili. Ukilishika, una miaka saba, ingia darasani. Usipolishika, rudi kwa mama yako. Kweli, si kweli?"

"Kweli!" Mawaziri walikuwa wameshaacha mbuzi, kila mmoja kapitisha mkono juu ya kichwa anatafuta sikio. Wote walifika, isipokuwa Waziri wa Fedha, ambaye mashavu yalimzuia njiani, akasaidiwa na katibu wake.

"Sasa hawa wataalamu," Chakupewa aliendelea, "wanatuletea mtoto asiyefika sikio, halafu wanasema ana miaka saba. Miaka saba ya wapi? Mtukufu, nchi hii haina watoto waliodumaa. Nchi hii ina watoto ambao bado wadogo!"

Walipiga makofi hadi mchuzi ukamwagika. Dokta Ngwandumi akainua kidole. "Lakini mheshimiwa, mama zao wanajua waliwazaa lini."

"Mama!" Chakupewa akacheka. "Mtu yuko kwenye uchungu, kalenda anaiangalia saa ngapi?"

Basi kati ya mbuzi na matunda ikazaliwa Sheria ya Umri Halisi. Umri wa raia, ilisema sheria, ni kimo chake. Likatengenezwa jedwali la vimo, na ili lisimwonee mtu, wakapimwa watoto wa mawaziri ndio wawe kipimo cha kawaida. Ukipimwa ukafika alama ya mtoto wa waziri wa miaka mitano, una miaka mitano, na hongera. Kuanzia jioni ile udumavu ukawa sifuri. Mtukufu akatunukiwa nishani, akaipokea akiwa amekaa.

Dokta Ngwandumi alipimwa mlangoni akitoka. Miaka kumi na minne. Shahada zake zikachukuliwa zikatunzwe mahali salama mpaka akue, naye akapelekwa darasa la saba, ambako nasikia anafanya vizuri sana kwenye sayansi.

*

Nisiwafiche, sheria ilileta furaha. Mtoto wa mbunge mmoja, aliyekuwa bado anavalishwa nepi, alipatikana ana miaka sita, akaapishwa kuwa kiranja. Mchezaji mmoja wa mpira wa kikapu alionekana ana miaka mia moja na tatu, akapewa fimbo na pensheni. Na migodini, ambako wanaume wengi walitoka vijiji vya ugali na chumvi, wakaguzi walikuta mamia ya wavulana wa miaka kumi na mitano wakichimba. Ajira kwa watoto ni dhambi. Wakafukuzwa kazi wote kwa ajili ya ustawi wao, wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa shule za bweni.

Katika malori yale alikuwemo mume wa Sikudhani wa mtaa wa Mikoroshini. Ndevu zake alizinyoa mwalimu wa nidhamu.

Sikudhani akabaki na baba mkwe wake, Mzee Mfaume, na mwanawe wa kike, Semeni, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi miwili kwa hesabu ya mama yake, hesabu ambayo kisheria ilikuwa uvumi. Pesa ya mgodini ilipokatika, nyumbani kikabaki kile kinachobaki kila mahali: uji wa mahindi, mweupe, mwepesi, unaona sakafu ya sufuria. Lakini zahanati ya mtaa ilikuwa na chakula cha watoto, nacho si maneno. Kulikuwa na unga wa lishe wenye karanga na dagaa, maziwa, na trei za mayai zimepangwa hadi dirishani. Sikudhani akajifunga kanga, akambeba mwanawe, akaenda.

Nesi Twilumba akamlaza Semeni kwenye ubao, akasoma, akaangalia jedwali.

"Miezi mitano. Anayefuata!"

"Miezi mitano ya nini, nesi?"

"Ya umri wake. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama pekee. Hakuna uji, hakuna yai, hata maji hakuna. Mwongozo huo wa afya, dada, siutungi mimi."

"Mwongozo naujua. Nimemnyonyesha miezi sita bila kumpa hata tone la maji, wewe mwenyewe ulinisifu hapa hapa. Ilikuwa mwaka jana."

"Mwaka jana alikuwa hajazaliwa."

"Nesi, ulimzalisha wewe!"

Twilumba akatazama mlango, akatazama dirisha. "Usinitafutie balaa, Mama Semeni. Nina watoto nyumbani."

"Ana meno. Mwangalie."

"Kuna wanaozaliwa nayo."

"Anasimama."

"Akiwa na miezi mitano? Basi hongera, huyu ni kipaji."

Semeni, ambaye alikuwa hajafundishwa siasa, akamng'ata nesi kidole.

"Sasa nisikilize," Twilumba alisema akikipuliza kidole, na kwa kweli alijaribu kulainisha sauti. "Akikua kidogo tu, akafika alama hii hapa ya miezi sita, nampa yai siku hiyo hiyo kwa mkono wangu."

"Atakuaje bila kula?"

"Na sisi tutamlishaje kabla hajakua?"

Katikati yao akapita mke wa Katibu Tarafa na trei mbili za mayai kichwani. Mwanawe wa miezi mitatu alikuwa mrefu, mashallah, jedwali lilimpa miezi kumi. Mayai alikuwa hawezi kuyala, masikini, hata shingo ilikuwa haijakaza. Yalikwenda kuliwa na baba yake, kwa niaba.

*

Kulikuwa na Baraza la Rufaa za Umri, kwa kuwa nchi hii inaheshimu haki. Lilikaa kila Alhamisi, isipokuwa Alhamisi za vikao. Sikudhani alikwenda wiki moja, akarudi. Akaenda nyingine, akarudi. Alipofikiwa hatimaye, mwezi na ushei ulikuwa umepita, na Semeni alikuwa ameanza kuacha kusimama. Alikuwa anakaa tu, anaangalia.

Mlangoni Sikudhani naye akapimwa.

"Miaka kumi na miwili," akasema mpimaji.

Mwenyekiti wa Baraza akamtazama juu ya miwani. "Binti, umekuja na nani?"

"Nimekuja na mwanangu."

Mwenyekiti akamgeukia mwenzake, akatikisa kichwa. "Watoto wa siku hizi. Wanazaa mapema mno."

"Mheshimiwa, nina miaka ishirini na sita. Mwanangu ana mwaka na robo, nimemzaa mwenyewe, nilikuwepo."

"Sikatai kwamba ulikuwepo. Ila wewe ni mtoto, na mtoto hatoi ushahidi juu ya umri wa mtoto mwenzake. Lete mtu mzima kutoka nyumbani."

Ukoo mzima wa mume wa Sikudhani ulishapimwa. Marehemu mama mkwe aliandikwa kaburini kwamba alifariki akiwa na miaka kumi na mmoja. Mawifi wawili, kumi na mitatu kwa kumi na miwili. Wanawake wale walipokuwa wajawazito waliambiwa wasile mayai, eti mtoto atazaliwa kipara, na walipokuwa wadogo waliambiwa wasile maini, eti ni ya wageni. Mtu mzima wa kisheria alikuwa mmoja tu katika ukoo ule: Mzee Mfaume, aliyekula firigisi za kuku wote waliochinjwa katika ua ule tangu alipokuwa mvulana wa pekee kwa mama yake. Alikuwa mrefu kama mnazi. Akavaa koti, akaja.

"Mzee," akauliza Mwenyekiti kwa heshima, "mjukuu wako huyu kazaliwa lini?"

"Huyu wa kike?"

"Huyo."

"Mambo hayo ya wanawake, bwana."

"Hata mwezi hukumbuki?"

Mzee Mfaume akafikiri. Uso ukamng'aa. "Siku ya arobaini yake tulichinja jogoo mwekundu. Firigisi yake hivi!" Akaonyesha ngumi.

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Lini sikumbuki. Firigisi naikumbuka."

Rufaa ikatupwa. Njiani kurudi Sikudhani alitembea mbele, jambo ambalo mkwe hafanyi. Walipofika uani akageuka.

"Baba, kuku akichinjwa tena katika nyumba hii, firigisi atakula Semeni."

"Mtoto wa kike akila firigisi anakuwa na kiburi."

"Ndicho ninachokitaka, baba."

Lakini kuku hapakuwa na wa kuchinja, hata mzee angekubali. Walishauzwa wanunue unga.

*

Kesho yake, kwenye benchi la zahanati, walikaa akina mama zaidi ya ishirini, kila mmoja na mtoto wake wa miezi mitano. Mmoja wa watoto hao alikuwa anaimba. Nyuma ya mlango, mayai.

"Jamani," Sikudhani alisema, "mimi nina miaka kumi na miwili. Wewe je?"

"Kumi na mmoja," akajibu jirani yake.

"Kumi na mitatu mimi, nipeni shikamoo."

Wakacheka, kicheko kile cha mtu aliyegonga kidole cha mguu.

"Mtoto akiiba yai," Sikudhani akauliza, "nchi hii humfanya nini?"

"Mtoto hashtakiwi. Anachapwa na mama yake, basi."

"Na mama yenu hapa nani?"

Wakageuza vichwa wakimtafuta mtu mzima wa kisheria; hakuwepo.

"Mimi nimeshajisamehe," alisema yule wa kumi na mmoja, akasimama.

Waliingia wote. Nesi Twilumba aligundua ghafla kwamba alikuwa na kazi chooni, akajifungia. Wakatoa unga, wakatoa maziwa, wakatoa mayai ambayo mke wa Katibu Tarafa alikuwa bado hajayafikia, wakainjika masufuria pale pale uani chini ya bango la watoto wanaocheka. Wakakoroga uji ukawa mzito, kijiko kinasimama. Wakaponda mayai. Wakalisha.

Polisi wakaja na gari, wakateremka na virungu. Inspekta akapima wawili watatu kwa macho, akafungua kitabu cha sheria, akakisoma akiwa amesimama kwenye jua. Kisha akakifunga.

"Hawa ni watoto," akawaambia vijana wake. "Pandeni gari."

"Afande, si wanaiba?"

"Wanacheza kupika."

Wakacheza kupika kila asubuhi, wiki nenda wiki rudi. Habari zikaenea, na zahanati nyingine nazo zikapata watoto watundu wenye masufuria. Semeni akaanza tena kusimama. Akapata sauti. Alama ya miezi sita ilikuwa bado mbali, lakini ubaoni alikuwa ameanza kuisogelea, na Twilumba, aliyekuwa anampima kimyakimya, akajikuta anatabasamu peke yake kama mwizi.

*

Mheshimiwa Chakupewa alihutubia taifa baada ya taarifa ya habari. Nilimsikiliza mwenyewe; alikuwa na uchungu, na alikuwa amekula.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna watu wanaojificha nyuma ya ufupi wao kuhujumu uchumi. Wamekula chakula cha watoto. Na wamekila, ndugu zangu, kwa kuwapa watoto! Serikali haitavumilia. Kuanzia leo sheria imeboreshwa. Kwa makosa ya jinai, umri wa raia utahesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Kwa mambo ya chakula, utaendelea kuhesabiwa kwa kimo chake. Mungu awabariki watoto wetu."

Asubuhi yake Sikudhani aliamka ana miaka ishirini na sita, na pingu. Walimchukua kama kinara. Semeni, kwa kuwa alikuwa bado ananyonya, akaenda naye mahabusu.

Huko gerezani ndiko lilikotokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Siku ya kwanza, mchana, afande mmoja wa kike aliwaletea bakuli la maharage, kikombe cha maziwa, kipande cha papai na yai la kuchemsha.

"La nani hili?" Sikudhani aliuliza.

"La mtoto. Kila mtoto aliyefungwa na mama yake anapewa, kila siku."

"Hampimi?"

"Tupime nini? Kanuni hii ya zamani, enzi za wakoloni huko. Haijaja kuboreshwa." Afande akainamisha kichwa, akanong'ona: "Wamesahau kwamba ipo. Na wewe usiwakumbushe."

Sikudhani akamenya yai. Semeni alilila lote, akalamba vidole vya mama yake, akatazama ganda kama anauliza lililobaki liko wapi. Wakakaa mle mwezi mzima. Mapaja ya mtoto yakaanza kujaa, nywele zikaacha wekundu, na mama yake akimfunga mgongoni kwa kanga, akawa anausikia uzito wake.

Siku ya hukumu Semeni alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mahakama ilijaa. Mheshimiwa Chakupewa alikuja mwenyewe na wapiga picha, maana uchaguzi ulikuwa karibu na mabango yalikuwa yanahitaji sura mpya.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, "mahakama inakuona una hatia ya wizi wa mayai, unga na maziwa ya umma. Utatumikia kifungo cha miezi mitatu. Una la kusema?"

"Ninalo, mheshimiwa. Mwanangu tunakwenda wote?"

"Kwa kuwa ananyonya, ndiyo."

"Basi naomba uniongezee mingine mitatu."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akagonga meza.

"Unaidhihaki mahakama?"

"Sidhihaki, mheshimiwa. Mwanangu amebakiza miezi sita kutimiza miaka miwili. Ikishapita hiyo, akili aliyoikosa ameikosa, kimo alichokosa amekikosa, na ugonjwa wake wa uzeeni ameshapewa. Huko nje, kwa jedwali lenu, bado ni mdogo mno kula. Huko ndani wanampa yai. Nifunge mpaka atimize, halafu mimi nitoe uniweke unapotaka."

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, akaambiwa atoke nje. Chakupewa akainuka, akamnong'oneza hakimu sikioni kwa muda mrefu, na hakimu akawa anaitikia kwa kichwa.

"Mahakama," alisema hakimu hatimaye, "imeguswa. Kwa maombi ya Mheshimiwa Waziri, ambaye ni baba wa watoto wote, na kwa huruma kuu ya serikali, adhabu imefutwa. Mama, uko huru. Nenda nyumbani na mwanao."

Makofi! Makofi yalivyopigwa, mngedhani mvua ya mawe. Sikudhani alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Askari wawili wakambandua kidole kimoja kimoja, wakamtoa, wakamsimamisha mbele ya kamera akiwa huru. Chakupewa akampokea Semeni, akampakata, akamwinua kidogo ili shavu la mtoto liwe karibu na la kwake.

"Cheka, mwanangu," akamwambia. "Mama yake naye acheke. Sogea hapa, mama."

Sikudhani akasogea. Akamchukua mtoto taratibu kutoka mikononi mwa waziri, akamfuta kamasi, akamkabidhi yule afande wa gerezani aliyewasindikiza. Kisha akarudi, akapanga miguu vizuri, akamzaba Mheshimiwa Chakupewa kibao ambacho wapiga picha watatu walikikosa kwa mshtuko.

"Hicho ni miezi mingapi?" akamuuliza hakimu.

Hakimu alikuwa amesimama, kidole hewani. "Kumpiga kiongozi! Mbele ya mahakama! Mitatu! Miezi mitatu, tena bila huruma!"

Sikudhani akahesabu kwa vidole hadi siku mwanawe atakapotimiza miaka miwili. Haikutosha.

Akamzaba cha pili.